Bunduki ya Askari na Kazi ya Mdunguaji: Funzo la Mwanza, 1916

Vita vilipozuka mwaka 1914, kombania nyingi za askari wa Kijerumani katika Afrika ya Mashariki zilikuwa zingali zikitumia bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, yenye mtutu wa milimita 11, iliyopakiwa risasi moja moja. Baruti yake ilikuwa nyeusi. Kila ilipolia, wingu la moshi lilipanda, na adui akajua mahali pa kuelekeza risasi zake. Gharama ya uchakavu huo ililipwa na askari, ambao miongoni mwao walikuwamo Wasukuma na Wanyamwezi.

Nchi ya kando ya Ziwa Viktoria ina maficho mema, hasa majabali ya Mwanza. Lakini jabali humficha mtu, halifichi moshi. Waingereza waliitwaa Ukerewe mwezi Juni 1916, kisha wakauingia mji wa Mwanza tarehe 14 Julai. Si haki kusema kwamba moshi ndio ulioangusha mji, kwani washambuliaji walikuwa wengi zaidi na walikuwa na meli ziwani. Hata hivyo, yafaa kuona kwamba sharti la kwanza la mlengaji wa siri ni baruti isiyo na moshi.

Waingereza walikuwa nayo baruti hiyo katika bunduki yao ya Lee-Enfield. Kwao lilibaki swali la jicho. Mwaka 1915, kwa ajili ya vita vya mahandaki huko Ulaya, walianza kuifunga darubini. Waliiweka upande wa kushoto, isije ikazuia kupakia risasi kwa juu. Lakini hivyo shavu la mlengaji lilikosa pa kutulia juu ya kitako.

Kasoro hiyo ilirekebishwa tangu mwaka 1942. Bunduki Namba 4 zilizoonyesha shabaha bora kiwandani zilichaguliwa na kupelekwa kwa mafundi wa Holland & Holland, Uingereza. Walifunga darubini ya kukuza mara tatu juu ya bunduki, wakaongeza kipande cha mbao kwenye kitako kwa ajili ya shavu. Zaidi ya 20,000 zilitengenezwa hivyo. Darubini ilizuia upakiaji wa haraka. Risasi zikatiwa moja moja, kama katika bunduki ya 1871, ila safari hii kwa hiari.

Kiswahili cha leo humwita mtu wa kazi hii mdunguaji, kutokana na kudungua, yaani kuangusha kilicho juu. Neno hilo lataja mwisho wa kazi. Mwanzo wake ni kutoonekana, na hilo ndilo alilonyimwa askari wa bunduki ya 1871.