Mandhari na Mwanga katika Vitabu vya Picha vya Muriel na Tom Feelings

Katika miaka ya 1960 Wamarekani weusi wengi walikitazama Kiswahili kuwa lugha ya kuwaunganisha na asili yao. Ni katika hali hiyo kilipotokea, mwaka 1971, kitabu cha hesabu cha watoto, Moja Means One, kilichoandikwa na Muriel Feelings na kuchorwa na mumewe, Tom. Kitabu cha alfabeti, Jambo Means Hello, kilifuata mwaka 1974. Vyote viwili vilipata heshima ya tuzo ya Caldecott.

Namba ya kwanza imepewa mlima Kilimanjaro. Mtoto wa Brooklyn asiyewahi kuuona mlima huo hupewa sentensi moja tu ya Kiingereza. Joto la tambarare, theluji na ukubwa wa anga sharti vibebwe na mchoro. Tom hakutegemea rangi nyingi. Kwa wino mweusi na tempera nyeupe, umbali huonyeshwa kwa kufifia kwa weusi: kilicho karibu ni kizito, kilicho mbali chayeyuka hewani. Jua kali la manjano, lililozoeleka katika picha za watalii, halina nafasi hapo, na kwa hakika mandhari yamepata heshima zaidi kwa kulikosa.

Lakini mwanga huo ni wa wapi? Muriel alipata kufundisha Uganda. Tom aliishi Ghana tangu 1964 hadi 1966, na ni huko, kwa maelezo yake mwenyewe, mistari yake ilikoanza kuwa na mwendo na tofauti ya giza na nuru ikaongezeka. Basi Afrika ya Mashariki ya kurasa hizi imeonwa kwa jicho lililofunzwa Afrika ya Magharibi. Mchoro umeziunganisha pande hizo mbili bila mshono kuonekana. Sarufi haikubahatika vivyo hivyo: mtoto husoma moja mbele ya mlima ulio mmoja, mbili mbele ya wachezaji wa bao walio wawili, na tatu mbele ya mibuni iliyo mitatu. Upatanisho wa ngeli, ambao ndio uhai wa lugha hii, umeachwa nje ya ukurasa.

Njia hiyo ya weusi na weupe Tom aliifikisha mbali zaidi mwaka 1995 katika The Middle Passage, kuhusu safari ya watumwa kuvuka Atlantiki. Humo, baada ya utangulizi, picha zinasimulia peke yake.