Majina ya Waliofia Vitani: Namna ya Kuyatafuta na Kuyasoma

Kila mwaka, katika siku za Pitru Paksha, familia nyingi za hekalu hili huwatolea wazee waliotangulia maji na chakula. Ibada hiyo ya shraddha huhitaji jina la marehemu na tithi yake, yaani siku ya mwezi mwandamo aliyofariki. Kwa aliyefia nyumbani, mambo hayo hujulikana. Kwa aliyefia vitani ng'ambo ya bahari, mara nyingi jamaa walibaki na neno moja tu: Afrika. Kumbukumbu za wanajeshi waliokufa, ambazo siku hizi husomwa mtandaoni bila malipo, zaweza kuliziba pengo hilo, ingawa si kwa kila mtu.

Mji wetu wa Tanga una sehemu yake katika habari hii. Mnamo Novemba 1914 Waingereza waliteremsha hapa askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka Bara Hindi, chini ya Meja Jenerali Aitken. Walikuwamo watu wa vikosi vya Rajputs, Kashmir Rifles, Palamcottah na Gwalior. Waliwakabili askari wapatao 1,000 wa Kijerumani na Kiafrika chini ya Lettow-Vorbeck, wakashindwa, wakarudi merikebuni wakiwaacha nyuma wenzao wengi waliouawa. Miezi miwili baadaye, Januari 1915, Wahindi wengine waliuawa huko Jasin, karibu na mpaka wa kaskazini.

Chombo kinachotunza majina yao ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917. Orodha yake, yenye watu wapatao milioni 1.7 wa vita vyote viwili vikuu, iliwekwa kwenye intaneti mwaka 1998. Kila ingizo hutaja jina, cheo, namba ya askari, kikosi, tarehe ya kifo, na kaburi au mnara alipoandikwa. Kwa askari wengi wa Kihindi huongezwa jina la baba, kijiji na wilaya.

Wahindu na Masingasinga, ambao kwa desturi huchomwa moto, aghalabu hawana kaburi; majina yao huandikwa kwenye minara. Karibu na Brighton, Uingereza, Chattri ilijengwa mahali walipochomwa askari 53, ikazinduliwa mwaka 1921. Hata hivyo majina yao hayakuchongwa mahali hapo hadi mwaka 2010. Kukosa kaburi, basi, si kukosa kumbukumbu.

Anayetafuta na awe na subira. Makarani waliyaandika majina ya Kihindi kwa herufi za Kiingereza kadiri walivyoyasikia, hivyo jina moja laweza kuwa na tahajia nne au tano. Ni bora kuanza na kikosi na mwaka, kisha kusoma jina moja baada ya jingine. Namba ya askari pekee haitoshi, kwa kuwa kila kikosi kilikuwa na hesabu yake. Na majina kufanana si udugu: akina Singh ni maelfu. Ushahidi ni jina la baba na kijiji vikikubaliana na masimulizi ya nyumbani. Kwa wenye asili ya Punjab, madaftari ya askari yaliyohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Lahore yalianza kuwekwa mtandaoni mwaka 2021, na humo huonekana pia waliorejea salama.

Lakini majirani zetu wakitafuta babu zao humo, wengi hawatawaona. Wapagazi Waafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, malaria na kuhara kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni masalio ya kikosi chao. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ukimya wa orodha haumaanishi kwamba mtu hakuwako. Humaanisha kwamba aliyeshika kalamu hakumwandika.

Mwenye kuipata tarehe ya kifo na ampelekee kuhani, naye ataitafuta tithi katika panchang. Kwa wale ambao siku yao haijulikani, mapokeo yetu yametenga Amavasya ya mwisho wa Pitru Paksha. Kwa wapagazi, orodha iliyobaki imo vinywani mwa wazee wa mitaa hii. Tuwaulize majina, vijiji na njia walizopita watu wao, tuyaandike, na karatasi hizo zitunzwe mahali pamoja, za Wahindi na za majirani bila kutengwa, kabla wasimulizi wenyewe hawajaondoka.