Paipu ya Eyaklina na Blada za Keroka

Watu wakisimulia historia ya matatu huanzia 1973, Rais Jomo Kenyatta alipoziruhusu kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi. Mimi huanzia kwenye vumbi. Barabara zetu nyingi za vijijini zilikuwa za maramu, na kiangazi vumbi lile jekundu huingia popote penye upenyo. Likipita kwenye ufa wa paipu ya eyaklina, ile inayopeleka hewa iliyochujwa kwenye injini, filta haina kazi tena: linafika kwenye silinda, linasaga ringi za pistoni, na gari linaanza kula oili. Mtu anauza ng'ombe injini ifunguliwe, chanzo kikiwa ufa mwembamba kuliko ukucha.

Mjomba alinifundisha kazi miaka ya themanini huko Keroka, mji ambao upande mmoja ni Kisii na mwingine Nyamira. Tulitengeneza Peugeot 404 na 504. Fedha za kigeni zilidhibitiwa na serikali, kwa hiyo paipu mpya ilikuwa ghali na ya kungojewa. Blada, yaani mpira wa tyubu kuukuu, hazikukosekana: mafundi wa akala walichukua tairi kuukuu, sisi tukachukua tyubu.

Mjomba hakuruhusu hatua hata moja irukwe. Kwanza mauntini za injini, kwani injini ikirukaruka paipu itapasuka tena. Kisha paipu inatolewa na kukunjuliwa mbele ya mwanga, maana ufa hujificha ndani ya mkunjo. Inasafishwa kwa petroli mpaka kitambaa kitoke bila weusi. Penye oili solusheni haishiki. Unakwaruza paipu na kiraka kwa msasa, unapaka vyote viwili, unangoja mpaka kidole kisinate ndipo unabandika. Mwisho unazungushia ukanda wa blada uliovutwa kwa nguvu, kila mzunguko ukilalia nusu ya ule uliotangulia. Kiraka kilikaa nje daima. Injini inavuta hewa, kwa hiyo mvuto wenyewe unakikandamiza juu ya ufa. Cha ndani kikibanduka kinamezwa.

Malori yenye tabochaja yalitukatalia ufundi huo. Paipu inayotoka kwenye tabo inasukumwa kutoka ndani, blada inavimba kama puto, na lori linashindwa na mlima huku likitoa moshi mweusi.

Serikali ilipolegeza udhibiti wa fedha za kigeni mwanzoni mwa miaka ya tisini, magari yaliyotumika Japani yalimiminika, na spea zake zikafuata. Probox, ambayo Toyota ilianza kuiunda 2002, ndiyo leo inabeba abiria na mizigo kati ya Kisii, Keroka na Nyamira. Hii ina sensa ya kupima hewa penye eyaklina. Hewa ikiingilia kwenye ufa ulio baada ya sensa, kompyuta haiihesabu. Petroli inakuwa haba kwa hewa iliyoingia, injini inatetemeka gari likiwa limesimama, taa inawaka. Nimeona vijana wakisoma kodi za hitilafu kwenye mashine na kubadilisha sensa moja kwa moja, mteja analipa maelfu, kisha taa inarudi. Inaniuma, kwa sababu kuipapasa paipu hakugharimu chochote.

Paipu nzima iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa ni nafuu kuliko sensa, nami humshauri mteja ainunue. Asipoweza, kiraka cha mjomba kinashika Probox kama kilivyoshika 504, mradi aambiwe wazi kwamba ni kiraka na arudi kikaguliwe kabla kiangazi hakijaanza.