Mzinga, Mtungi na Nta: Habari za Pombe ya Asali katika Nchi ya Bulyanhulu

Wajumbe wa Halmashauri waliponitaka niandike habari za asali kwa ajili ya kijitabu hiki cha kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, mzee mmoja miongoni mwao alinionya nisiandike juu ya pombe. Alisema kwamba kijitabu kitasomwa na wageni wa Serikali na watu wa dini, na kwamba haifai ushirika ujulikane kwa ulevi. Namheshimu mzee huyo. Lakini nimekaa na kalamu majuma mawili, nisione njia ya kueleza asali ya nchi hii pasipo kuutaja mtungi. Tangu zamani za mababu, sehemu kubwa ya asali iliyorinwa huku haikuliwa wala haikuuzwa, bali ilinywewa.

Mtu asimamaye Kakola akitazama mashariki aelekea Usukuma, nchi ya mbuga, pamba na ng'ombe. Akigeuka kuelekea Ushirombo, au kusini-magharibi kuelekea Ushetu, safari yake itamwingiza katika miombo. Sisi tu watu wa mpakani, na mila zetu ni za mpakani: ng'ombe tumejifunza upande mmoja, nyuki upande mwingine. Katika miombo ile imo miti ya mtundu, myombo na mninga, na mababu zetu waliijua mmoja mmoja, upi wafaa gome na upi wafaa gogo. Gome lilibanduliwa zima likakunjwa kama ngoma, likashonwa kwa vijiti; gogo lilitobolewa katikati; mzinga ukapandishwa juu ya mti, mbali na moto na nyegere. Kazi hii ilikuwa ya wanaume. Walikwenda kurina usiku, wakiwa na kienge cha moshi, nao walirudi na masega yaliyochanganyika: yenye asali iliyoiva, yenye asali mbichi, yenye chavua, na yenye watoto wa nyuki.

Masega yalipofika uani, kazi iligeuka kuwa ya wanawake, na hapa ndipo historia yetu inaposahauliwa. Asali nzuri ilikamuliwa ikawekwa kando kwa chakula na dawa. Masega yaliyobaki, yenye kunata, yalitiwa katika maji ya vuguvugu yakasuguliwa kwa mikono. Maji yale yalikuwa matamu, na hakuna mama wa nyumba mwenye akili ambaye angeyamwaga. Yalitiwa mtungini, pengine pamoja na asali zaidi, kiasi cha sehemu moja ya asali kwa maji sehemu tatu au nne. Wengine walitia kimea, wengine chachu ya pombe iliyotangulia, kisha mtungi ukawekwa karibu na jiko. Baada ya siku mbili tatu ulianza kusema, kama wasemavyo wapishi, yaani kutoa povu na sauti. Hiyo ndiyo wanzuki, na jina lenyewe limetokana na nzuki, ambao ndio nyuki katika lugha zetu za Kisukuma na Kinyamwezi.

Hatuko peke yetu katika ufundi huu. Wahabeshi wana tej yao, waitiayo majani ya gesho. Wakikuyu wa Kenya wana muratina, ichachushwayo kwa tunda la mwegea. Kila taifa limepata njia yake ya kufanya jambo moja, nalo ni kuitoa asali katika usingizi wake. Maana asali iliyoiva, ambayo nyuki wenyewe wameifunika kwa nta, ina maji machache mno, chini ya sehemu 20 katika 100, hata chachu iliyomo haiwezi kufanya kazi. Ukiiongezea maji, chachu huamka. Nawaomba wasomaji walikumbuke jambo hilo, kwani tutalirudia kwa majuto.

Sasa natazama upande wa biashara. Debe moja la lita 20 likijazwa asali lina uzito wa kilo 28 hivi, nao unakaribia kuwa mzigo mzima wa mpagazi. Asali huvuja, huvutia siafu, na thamani yake kwa uzito ule ilikuwa ndogo. Nta ni kavu, haiozi, haivuji, na Ulaya walikuwa wakiitaka. Kwa hiyo katika siku za misafara, na zaidi reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na tawi lake likafika Mwanza mwaka 1928 kwa kupitia Shinyanga, nta ilisafiri na asali ikabaki nyumbani. Na nta ile ilitoka wapi? Ilitoka mikononi mwa wale wanawake wapika pombe. Masega waliyokwisha kuyaosha kwa ajili ya mtungi waliyachemsha, wakayachuja kwa kitambaa, wakapata mikate ya nta ya manjano. Ilikuwa kazi moja yenye mazao mawili: pombe ikanywewa na jirani, nta ikapanda meli. Vitabu vya hesabu viliandika nta peke yake.

Mwaka 1949 Serikali ya kikoloni ilianzisha idara ya nyuki, na Bwana Nyuki akaanza kuonekana vijijini. Mwaka 1962 wenzetu wa Tabora wakaunda chama chao cha ushirika cha wafuga nyuki, ambacho sisi tuliojifunza ushirika kwa pamba tumekitazama kama kaka. Mafunzo yalikuwa mema: asali isafishwe, itenganishwe na watoto wa nyuki, ifungwe vizuri. Bali mtungi wa uani katika mafunzo hayo ulitajwa kama mwizi wa asali tu. Sikubaliani kabisa na mtazamo huo, ingawa naelewa ulikotoka.

Wanzuki haikuwa ya kulewea tu. Mtu aliyetaka kulimiwa shamba lake aliwaita vijana wa kijiji, nao walikuja na ngoma na majembe. Mwisho wa siku hakuna aliyelipwa fedha. Walipewa chakula na pombe, ya mtama au ya asali kwa kadiri ya uwezo wa mwenyeji. Nyumba isiyokuwa na mtungi ilikosa watu wa kuisaidia. Naiona hapo mizizi ya ushirika wetu, ijapokuwa hakukuwa na kadi wala muhuri.

Mambo mawili yaliuvunja utaratibu huo. La kwanza ni kupungua kwa miti. Misitu yenye nyuki ndiyo hiyo hiyo yenye mbung'o, na tangu miaka ya 1920, katika siku za Bwana C. F. M. Swynnerton aliyeongoza vita dhidi ya mbung'o Shinyanga, maelfu ya watu walikata vichaka. Ng'ombe walipona, pamba ikapata nafasi, na hakuna awezaye kuwalaumu wazee wale. Lakini nyuki walihama. Hata mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, na wenyeji wakatakiwa kuzirudisha ngitili zao, palikuwa na vijiji ambavyo mtoto hakujua mzinga ni kitu gani. Ngitili zilipostawi, nyuki walirudi bila kuitwa.

La pili ni dhahabu. Wachimbaji wadogo walijaa Bulyanhulu katika miaka ya 1990 mpaka walipoondolewa mwaka 1996, na mgodi mkubwa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001. Wanywaji wakawa wengi kuliko mizinga. Sukari ya dukani ikaingia mtungini mahali pa asali, jina likabaki lile lile, na nyuma yake ikaja gongo, ambayo sheria ya mwaka 1966 imeikataza na ambayo imewaua watu. Wengi wanapoisikia wanzuki leo huidhania kuwa ndugu wa gongo. Si haki. Mtungi hauchemshwi kwa mvuke, na pombe ya kienyeji ina sheria yake ya vibali tangu mwaka 1968.

Sasa nirudie lile jambo la majuto. Katika mwaka wa tatu wa Chama hiki tulikuwa na hamu ya kujaza mapipa kabla ya mnunuzi kufika, tukapokea asali kwa mizani tu, bila kuuliza kama masega yalikuwa yamefunikwa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi. Baada ya majuma machache mifuniko ya mapipa ilivimba, ghala likanuka kama kilabu siku ya gulio. Tulidhani tumetiwa maji na wanachama wezi, na karibu tuwafukuze watu wawili wasio na kosa. Ndipo mama mmoja jirani, mpika pombe, aliyekuja kuuza nta, akachovya kidole, akaonja, akacheka. “Baba,” aliniambia, “hakuna aliyetia maji humu. Mmerina mapema. Hii imekwisha kuanza kuwa pombe, niuzieni mimi.” Hatukumwuzia, kwa kuona haya, na mzigo wote ukatupwa. Hasara ile ililipwa na wanachama kwa misimu miwili.

Tangu hapo tuna chombo cha kupimia maji katika asali, na izidiyo sehemu 20 katika 100 haipokelewi. Lakini mkulima anayerudishiwa debe lake hana pa kulipeleka, ilhali uani mwa nyumba za Kakola na Bugarama wapo wanaolihitaji: akina mama wenye mitungi, na hata walimu na wafanyakazi watengenezao chupa chache za kunywa na jamaa zao, kwa ndoo safi na hamira ya dukani. (Chupa zao zisifungwe mapema, zikipasuka hukata mikono.) Watu hawa huijua asali kwa ulimi kuliko wengi wetu tunaoijua kwa stakabadhi.

Kwa hiyo liko pendekezo mbele ya Mkutano Mkuu ujao, kwamba Chama kiwauzie wapishi wenye kibali ile asali iliyokataliwa, na kinunue nta yao kwa bei ya mwanachama. Yule mzee aliyenionya atalipinga, na ana hoja zake, kwani ameshuhudia nyumba zilizoharibiwa na ulevi. Nitakaa karibu naye, kama kawaida yetu.

Yule mama amekwisha lipa kiingilio. Fomu yake iko mezani kwa Katibu, ikingoja kura. Mahali pa kuandika kazi ya mwombaji ameandika kwa herufi kubwa: MPIKA POMBE YA ASALI.