Mchoro uliokunjwa na kuwekwa kwenye droo

Nyundo ya mnada iligongwa jijini Paris, 14 Januari 2021, na mchoro mmoja wa katuni wenye sentimita 34 kila upande ukanunuliwa kwa yuro milioni 3.2 pamoja na ada. Artcurial, kampuni iliyoendesha mnada huo, ilitangaza kuwa hiyo ni rekodi ya dunia kwa sanaa ya katuni. Mchoraji wake, Mbelgiji Georges Remi aliyejulikana kama Hergé, hakuambulia hata senti. Alifariki mwaka 1983.

Hergé ndiye aliyembuni Tintin, kijana mwandishi wa habari, aliyeonekana kwanza 10 Januari 1929 katika Le Petit Vingtième, toleo la watoto la gazeti moja la Brussels. Safari ya Tintin nchini Kongo, ambayo Hergé aliichora bila kukanyaga huko, imejaa dharau za kikoloni na inalaumiwa hadi leo. Miaka michache baadaye, mwanafunzi Mchina Zhang Chongren alimfundisha kuchunguza kabla ya kuchora, na matunda yake yakawa hadithi ya The Blue Lotus.

Mwaka 1936 Hergé alichora jalada la kitabu cha hadithi hiyo: joka jekundu juu ya weusi, na Tintin na mbwa wake wamejificha ndani ya mtungi. Mchapishaji, Casterman, alilikataa kwa sababu rangi zake zingegharimu mno kuchapa. Hergé akachora jingine.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Kwa maelezo ya Artcurial, Hergé alimpa mchoro uliokataliwa Jean-Paul, mtoto wa miaka saba wa mchapishaji huyo, naye akaukunja na kuuweka kwenye droo. Ulikaa humo miongo mingi, na warithi wake ndio walioupeleka mnadani. Wajuzi wengine wa kazi za Hergé hawakukubali. Walihoji: kama ni zawadi, mbona hauna maneno ya kumtunukia mtoto? Wakadhani ulikunjwa ili utumwe kwa posta, kisha haukurudishwa kwa mwenyewe. Mikunjo ingalipo, na kila upande unaitumia kama ushahidi wake. Mnada uliendelea.

Ubishi huo ulitokana na mazoea ya enzi ile. Mchoro halisi ulihesabiwa kuwa hatua tu ya uchapaji. Jarida likishatoka, hakuna aliyeuliza karatasi iko wapi wala ni ya nani. Soko limegeuza mambo. Oktoba 2023, huko Marekani, katuni ya Peter Steiner ya mbwa wawili mbele ya kompyuta, iliyotoka katika The New Yorker mwaka 1993, iliuzwa dola 175,000.

Nasi Tanzania tuna hazina yetu. Chakubanga, mhusika wa katuni za Christian Gregory, aliwachekesha na kuwaonya wasomaji wa gazeti la Uhuru, na nyuma yake kimefuata kizazi kizima cha wachoraji. Wahariri wawarudishie wachoraji michoro yao halisi, tena kwa maandishi yanayoonyesha ni mali ya nani. Makumbusho na idara za nyaraka nazo ziikusanye sasa, wachoraji wangali hai na wanaweza kutueleza walichokichora.