Waliponipunguzia Mganga Wangu

Kwa miaka mitatu nilikuwa mganga. Sisemi mganga wa mizizi, hao huku Vugiri wapo wa kutosha. Nasema mganga ndani ya mchezo wa mtandaoni, ule wa kuchagua mhusika, kumpa jina, kumlea kutoka levo ya kwanza na kuzunguka naye dunia nzima ya kubuni pamoja na maelfu ya watu usiowajua. Jina la mchezo wenyewe naliacha, maana ugomvi wangu nao ni wa kifamilia.

Nilimlea mganga huyo nikiwa nimekaa juu ya jiwe moja kando ya mashamba ya chai, mahali ambapo simu inashika mtandao bila kusumbua. Ukikaa pale unaiona tambarare ya Korogwe bondeni, na jioni unaona taa za magari yanayokwenda Moshi. Bando langu la wiki liliishia kwake. Alikuwa anaponya wenzake, na pia alikuwa na sumu. Hiyo sumu ndiyo iliyokuwa raha yangu.

Asubuhi moja ya mwaka 2021 nikafungua simu, nikakuta mchezo unataka kupakuliwa upya. Nikanunua bando jingine, nikasubiri. Ulipofunguka kulikuwa na tangazo la mistari michache: uwezo wa waganga umerekebishwa ili kuleta usawa. Nikaenda kujaribu porini. Sumu iliyokuwa inaangusha fisi wakubwa kwa mapigo mawili sasa ilitaka matano. Tiba nayo ilipungua karibu nusu. Miaka mitatu, bwana, na imekwenda usiku mmoja nikiwa nimelala.

Wa kwanza kunitumia ujumbe alikuwa binamu yangu wa Handeni. Yeye anacheza mpiga upanga. Aliandika, "Karibu duniani, kaka," akaweka vicheko vitano. Kwa zaidi ya mwaka mzima alikuwa analalamika kwamba waganga tunaonea watu, na mimi nilikuwa namjibu kwamba ajifunze kucheza.

Nilimhadithia babu mzaa mama, bila kutafuta ushauri, nilikuwa nimenuna tu. Alikuwa barazani na bao lake, anamsubiri jirani. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Nani kazibadilisha hizo sheria?"

"Wenye mchezo, babu."

"Wanacheza na nyie?"

"Hapana. Wako nje huko."

"Na walipokaa kuamua, mlikuwepo?"

Nikasema hatukuwepo. Akarudi kwenye kete zake. Mimi nikabaki na swali hilo, na ndilo lililonipeleka kusoma historia ya jambo ambalo nilidhani ni hasira ya vijana wenye muda mwingi. Kumbe lina nusu karne.

Mwanzo wake ni mezani. Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa karatasi, penseli na dadu. Mchezaji alichagua fani moja kati ya tatu: mpiganaji, mchawi au kasisi. Mwaka uliofuata akaongezwa mwizi. Fani hizo hazikuwa sawa hata kidogo. Mchawi alianza dhaifu kiasi kwamba pigo moja lingeweza kummaliza, lakini akivumilia hadi ngazi za juu, mpiganaji anabaki kumbebea mizigo. Watu waligombana kuhusu hilo tangu siku hizo. Ila aliyeendesha mchezo alikuwa amekaa nanyi meza moja. Ukiona umeonewa, unamwambia palepale. Akikataa, unamnunia, na kesho atakufuata kwa sababu bila wachezaji hana mchezo.

Mwaka 1978, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walianza kuunda MUD, dunia ya maandishi matupu ambayo watu wengi waliingia kwa pamoja kupitia kompyuta. Kuanzia hapo sheria ziliondoka mezani zikaenda kukaa ndani ya mashine ya mtu mwingine. Anayetaka kuzibadilisha hana haja ya kumshawishi mtu. Anaandika, anahifadhi, basi. Wote mtaamka mkikuta dunia imekuwa nyingine.

Ultima Online ilipofunguliwa mwaka 1997, wachezaji walihitaji neno la kuitia hali hiyo. Walichukua jina la Nerf, midoli ya sponji ya Kimarekani ambayo ukimpiga nayo mtu haumii. Upanga wako ukipunguzwa makali, wamekupa wa Nerf. Jina hilo la biashara likageuka kitenzi, na leo ukiingia kwenye kundi lolote la wacheza gemu, hata la Waswahili, utamsikia mtu analia kuwa "wameninerf". Mimi huona utani wake una uchungu: unapewa kitu cha kuchezea mtoto na unaambiwa endelea na vita.

Hebu twende kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote. World of Warcraft ilitoka Marekani Kaskazini Novemba 2004 ikiwa na fani tisa. Miezi miwili haijaisha vizuri, wapiganaji wakawa wanalalamika kwamba fani yao imeachwa nyuma. Waliandika malalamiko, wakaona kimya. Mwishoni mwa Januari 2005, kwenye seva iitwayo Argent Dawn, wakaamua kuandamana ndani ya mchezo wenyewe. Walijaa katika jiji la Ironforge, wengi wakiwa wameunda vibeti wapya wa levo ya kwanza, wamevuliwa nguo zote zinazovulika. Seva ikaelemewa. Wafanyakazi wa kampuni wakatoa amri watu watawanyike, na akaunti za baadhi yao zikasimamishwa.

Unaweza kucheka, na mimi nilicheka. Lakini fikiria hoja ya kampuni: umekaribishwa kwenye nyumba yetu, ukifanya fujo tunakutoa. Na fikiria hoja ya waandamanaji: nyumba ni yenu, sawa, lakini siku zangu zilizomo humo ni za nani?

Miaka mitano kabla ya hapo kuna mtu alikuwa ameshaliwaza hilo. Raph Koster, mbunifu wa Ultima Online, aliandika mwaka 2000 tamko la haki za wahusika wa mtandaoni, akifuata mfano wa tamko la Wafaransa la mwaka 1789. Yeye mwenyewe alilichukulia kama zoezi la kufikiri. Alitaka kuona kama mwenye seva anaweza kukubali kwamba wanaoishi ndani yake ni watu wenye haki, hata kama ufunguo wa umeme anao yeye.

Koster huyohuyo ndiye aliyeongoza ubunifu wa Star Wars Galaxies, iliyofunguliwa mwaka 2003 ikiwa na fani zaidi ya 30. Mtu aliweza kuwa mfuga wanyama, mpishi, fundi wa silaha, hata mcheza ngoma wa kuwaburudisha wapiganaji waliochoka. Kuwa Jedi kulichukua miezi mingi ya jasho, na wengi hawakufika. Tarehe 15 Novemba 2005, kampuni iligeuza mchezo wote. Fani zikabaki tisa. Ufugaji wa wanyama ukafutwa. Ujedi, uliokuwa kilele cha safari, ukawa kitu cha kuchagua siku ya kwanza. Wiki mbili tu kabla ya hapo kampuni ilikuwa imewauzia watu nyongeza mpya ya mchezo, na kelele zilivyozidi ikabidi itangaze kuwarejeshea fedha walioinunua. Wachezaji wengi walihama. Mchezo ulifungwa Desemba 2011.

Na si kwamba hasira hizi huishia kwenye skrini. Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum, ameeleza mwenyewe kwamba alicheza World of Warcraft tangu 2007 hadi 2010, mpaka kampuni ilipoondoa madhara ya uganga mmoja wa mhusika wake. Anasema alilia hadi usingizi ukamchukua, akaona ubaya wa mambo yote kushikwa na mkono mmoja, akaacha mchezo. Inawezekana alikuwa anatania nusu. Mimi, niliyekaa juu ya jiwe Vugiri nikihesabu mapigo matano ya fisi, sikuona utani sana.

Hapa ndipo babu alipoingia tena. Jioni nyingine nilimsimulia habari za wale vibeti walioandamana uchi. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema, "Sisi tulikuwa na matuta."

Yeye amezaliwa upande wa Mlalo, akaja Vugiri kijana kufanya kazi ya chai. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, na baadaye ikaupanua sehemu nyingine za Usambara. Wakulima waliamriwa kulima kwa kuchimba matuta kwenye miteremko, na asiyechimba aliadhibiwa. Sababu ya serikali haikuwa ya uongo: mvua kwenye miteremko hii inabeba udongo, kila mtu anaona. Lakini kazi yenyewe ilikuwa nzito, mzigo mkubwa ukawaangukia wanawake, na watu walishuku kwamba shamba likishapangwa na serikali, kesho litakuwa la serikali. Upinzani ukakua mwaka hadi mwaka, ukawa sehemu ya siasa za kudai uhuru, na kabla ya mwaka 1961 mpango ulikuwa umeshakufa. Babu alikuwa mtoto. Anachokumbuka ni mama yake akirudi jioni na jembe, haongei na mtu.

Najua tofauti iliyopo, msomaji, usinipigie kelele. Shamba ni tumbo, na mganga wangu ni picha kwenye kioo cha simu. Mimi ningeweza kuzima simu nikaenda zangu. Mama yake babu hakuwa na pa kuzimia. Nilichokiona ni kwamba katika visa vyote viwili, mwenye amri angeweza kabisa kuwa na hoja, na hoja yake ikapotea kwa sababu aliyeshika jembe hakuulizwa.

Maana lazima niseme ukweli sasa: mganga wangu alikuwa amezidi. Binamu alikuwa sahihi. Fani moja ikishinda kila mahali, watu wote wataichagua, wale wengine watachoka na kuondoka, na dunia itabaki na waganga watupu wanaotibiana. Ningekuwa mimi ndiye mwenye seva, ningempunguza pia. Mwaka mzima binamu alikuwa anaonewa, na mimi niliita uonevu huo ustadi wangu.

Je, tungeulizwa tungesemaje? Kuna mchezo mmoja uliojaribu. RuneScape, iliyoanza Uingereza mwaka 2001, ilibadilisha kabisa mfumo wake wa kupigana Novemba 2012. Uwiano uliozoeleka kati ya upanga, mishale na uchawi ukavurugika, watu wakakasirika, wengi wakaondoka. Miezi mitatu baadaye kampuni ikawauliza wachezaji kama wanataka kurudishiwa mchezo ulivyokuwa mwaka 2007. Zikapigwa kura zaidi ya 400,000, na Februari 2013 mchezo wa zamani ukafunguliwa upya, kukiwa na ahadi kwamba jambo jipya litaingia tu likiungwa mkono na asilimia 75 ya wapiga kura. Baadaye kiwango kilishushwa hadi asilimia 70, na kampuni ilijiachia nafasi ya kufanya marekebisho fulani bila kura pale inapoona mchezo wenyewe uko hatarini. Kura nazo zina ubaya wake; fani yenye watu wengi inaweza kuwakandamiza wachache. Hata hivyo, mchezo huo wa zamani hadi leo una wachezaji wengi kuliko ndugu yake aliyeboreshwa.

Nilimweleza babu habari za kura. Hakushangaa. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kila anayelijua anajua pia kwamba kijiji na kijiji hutofautiana kidogo, hasa kuhusu nyumba na namna ya kuitumia. Kwa hiyo mgeni akija barazani, kabla ya kete ya kwanza wanaulizana: kwenu mnachezaje? Wakishapatana, anayeshindwa hana wa kumlaumu.

Wiki hiyo nilimpigia binamu. Nikamwambia alikuwa sahihi kuhusu sumu. Akanyamaza kidogo, halafu akasema hata yeye anaona tiba wameipunguza kupita kiasi, maana sasa anakufa ovyo porini na hana wa kumponya. Tukaandika malalamiko pamoja, jina la mganga na jina la mpiga upanga chini ya barua moja, tukaituma kwa wenye mchezo.

Hawajajibu. Mganga wangu bado yupo, na fisi bado anataka mapigo matano. Siku hizi binamu anampiga matatu, mimi namalizia mawili.