Vijana wa Kiungani na Elimu ya Kuandika

Watu wengi hudhani ya kuwa kijana akiisha kujua herufi, kazi ya kumfundisha kusoma na kuandika imekwisha. Sivyo. Herufi ni mlango tu; nyumba yenyewe ni kufahamu maneno ya mwenzio, na kueleza yako hata asiyekujua akafahamu.

Habari za Kiungani, katika Unguja, zatuonyesha jambo hili. Shule ile ilikuwa ya Misioni ya UMCA, na wengi wa vijana wake katika miaka ya 1870 na 1880 walikuwa watumwa waliookolewa. Walitoka kwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na makabila mengine, wala lugha yao haikuwa moja. Kiswahili walijifunza ugenini, kama vile kijana wa sekondari wa Tanzania leo asomavyo kwa Kiingereza, lugha asiyoizungumza nyumbani.

Basi, vijana wale waliandika nini? Waliandika kwa Kiswahili habari za maisha yao wenyewe: desturi za kwao, jinsi walivyokamatwa, na safari ya kupelekwa pwani. Bwana A. C. Madan akazifasiri kwa Kiingereza, na mwaka 1887 zikatoka katika kitabu kiitwacho Kiungani. Mwaka uliofuata, 1888, gazeti la Msimulizi likaanza kuchapwa pale pale.

Tazama tofauti. Anakiliye maneno ya ubaoni hamwandikii mtu. Bali aelezaye jinsi alivyotengwa na mamaye hana budi kutafuta neno lililo sawasawa, kwa kuwa ana jambo la kusema, na yuko wa kulisoma.

Nami katika ualimu wangu nimeona wanafunzi wa sekondari wasomao ukurasa mzima kwa sauti safi, walakini wakiulizwa maana hunyamaza. Si wavivu, wamezoezwa kutamka, hawakuzoezwa kuuliza. Yafaa kila juma mwanafunzi aandike ukurasa mmoja wa habari aijuayo mwenyewe, kwanza kwa lugha aifahamuyo, kisha kwa ile ajifunzayo. Mwenzake ausome, aulize pale asipofahamu. Naye mwandishi auandike tena.

Vijana wa Kiungani walinyang'anywa wazazi na nchi, lakini walipopewa kalamu walizihifadhi habari zao wasizisahau, nasi twazisoma hata leo. Ikiwa wao waliweza, sisi waalimu tutajitetea kwa neno gani?